Majina Yaleyale ya Barabara ya Mbau

Bibi yangu, yule niliyemuoa, alirudi kutoka université akiwa ameibana mémoire yake chini ya kikwembe, kama mutu anayeikinga na mvua. Mvua haikuwapo. Alipita karibu na meza yangu ya kurandia mbao bila kunisalimia, akaingia ndani, akatoka tena, akaweka zile kurasa mbele yangu, juu ya maranda.

"Soma hapa," akaniambia. "Hapa kwenye aliandika na rouge."

Lazima nieleze kwanza, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa. Mémoire ni kitabu ambacho mwanafunzi wa université anaandika kwa kumaliza masomo. Mwalimu mumoja anamuongoza, wanamuita directeur. Huyo akikubali na kutia sahihi, mwanafunzi anapeleka kitabu kwa bureau ya faculté kabla ya siku iliyowekwa, na hiyo ndiyo dépôt. Ukikosa dépôt, unangoja session ingine. Bibi yangu alishakosa moja mwaka uliopita, wakati dada yake mukubwa alikimbia vita kutoka Mbau na nyumba yetu hapa Butembo ikajaa watu. Safari hii alikuwa ameniambia, bila hasira, kwamba akikosa tena ataacha. Atabaki mwalimu wa primaire, ordinateur ya kuazima, kompyuta anayoandikia, atairudisha kwa mwenyewe, basi. Ninamujua. Yeye hasemi maneno ya namna hiyo kwa kutisha mutu.

Dépôt ilikuwa Ijumaa ya juma lililofuata. Siku ile ilikuwa Jumamosi.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili wa secondaire, halafu nikashika randa. Kifaransa ninakisoma kama mutu anayevuka mutoni juu ya mawe, ninasimama kwa kila neno nikitafuta lingine. Lakini pale maneno yalikuwa machache. Ilikuwa ukurasa wa nyuma, wenye majina ya watu ambao bibi yangu aliwauliza maswali: akina mama wanaouza kando ya barabara ya Mbau, na wanaume wachache wanaonunua kakao. Mémoire yote ilikuwa juu yao, namna wanapanga bei, namna wanaaminiana, namna wanaanza tena wakishakimbia. Directeur alikuwa amevuta mustari mwekundu toka juu mpaka chini kando ya majina yote, na pembeni ameandika ulizo moja fupi. Aliuliza kama hawa watu wako kweli.

Kwetu Wanande mutoto hachaguliwi jina. Analikuta. Kijana wa kwanza kuzaliwa ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, na mabinti vilevile. Unazaliwa, wanahesabu, wanakuita. Kwa hiyo mulima muzima unaweza kuishi na majina ambayo unayamaliza kwa vidole. Juu ya hilo kila mumoja anaongeza jina la ubatizo, na kanisani pia kuna yale yanayopendwa kuliko mengine. Sasa kanuni ya faculté inasema hivi: katika liste, jina la mutu kwa herufi kubwa, jina la ubatizo herufi moja tu na nukta. Bibi yangu alifuata kanuni neno kwa neno. Alipomaliza, ukurasa wote ukawa jina moja na herufi moja, chini yake jina lilelile na herufi ileile, chini yake tena. Mutu wa mbali angefikiri mashine ilikwama.

Yeye hakuona. Hilo lilinishangaza, halafu nikaacha kushangaa, kwani mimi pia nilikuwa nimeshaupitia ule ukurasa na sikuona kitu. Sisi tulikuwa tunaona watu. Bibi yangu akisoma mustari wa nne anaona mama wa ndizi mwenye sauti ya mwanaume. Wa tano, anaona yule mwembamba wa makala, makaa ya kupikia. Kwake kila mustari ulikuwa na uso wake.

Nilisema maneno mabaya juu ya yule directeur. Nilisema ametoka upande mwingine wa inchi, serikali inamulipa, halafu anaketi hapa kwetu na kutuambia hatuko. Bibi yangu aliniacha nimalize.

"Usimutukane," akasema. "Fungua kurasa zingine, uone."

Nikafungua. Na kwa kusema haki, nilisikia haya. Kila ukurasa ulikuwa na alama zake ndogo nyekundu. Mahali mwaka wa kitabu ulikosekana, aliuweka. Mahali jina la mwandishi lilikuwa chini ya ukurasa lakini halikuwa katika bibliographie, yaani ile liste ya vitabu ya mwisho, aliandika: iko wapi? Alisahihisha mpaka nukta. Mutu anayekuzarau hapotezi wino wake kwa nukta zako.

Kesho yake, kisha misa, tulikwenda kwake pamoja. Sijui kwa nini nilikwenda. Labda niliogopa bibi yangu atalia njiani, labda nilitaka tu kumuona huyo mutu. Alikuwa ametoka kwa kanisa lao pia, na alikuwa anapiga pasi shati zake yeye mwenyewe, maana familia yake ilibaki kwao. Alitupatia viti viwili, yeye akaketi juu ya ndoo aliyoigeuza. Nilikuja na maneno yangu, lakini pale juu ya ndoo sikuweza kumukasirikia tena.

"Mama," akamwambia bibi yangu, "mimi hapana sema umedanganya. Mais jury iko na batu batatu. Bataangalia hii liste, batasema uyu mama alibakia kwa nyumba yake, akajitungia batu."

"Professeur, ni majina yabo. Nilibauliza, njo yenye balinipatia."

"Najua. Kwetu jina moja, mutu moja. Hapa nikiita jina kwa auditoire, nusu ya banafunzi banasimama." Akacheka, na mimi nikacheka bila kutaka, kwani ni kweli. Halafu akanigeukia. "Na wewe papa, jina yako ni nani?"

Nikamutajia. Akashika ile liste, akashusha kidole polepole.

"Uko hapa mara tatu," akasema. "Unauza kakao?"

Bibi yangu alicheka mpaka akafunika uso na kikwembe. Ndipo nilijua hatalia tena.

Directeur alieleza anachotaka. Si kubadilisha majina; majina ni ya wenyewe. Alitaka kila mumoja awe na alama ambayo mutu mwingine anaweza kumupata nayo. Alisema kama yeye angekwenda Mbau kumutafuta mama wa mustari wa nne, angeuliza je? Basi hilo jibu ndilo liandikwe, kando ya jina, katika liste na chini ya kila ukurasa ambapo maneno ya huyo mama yanatokea. Alimupa mpaka Jumatano, atie sahihi, Ijumaa dépôt. Alisema pia kwamba kosa ni lake vilevile, kwa kuwa yeye ndiye alisukuma kanuni ya herufi moja bila kufikiri ingezaa nini hapa. Ninaliandika hilo kwa sababu alilisema, na hakuna aliyemulazimisha.

Tulipokuwa tunarudi nilitoa shauri langu. Nilimwambia bibi yangu: wewe unawajua wote, keti leo, andika alama zao toka kichwani mwako, kesho umemaliza. Hata leo sidhani lilikuwa shauri baya. Lakini yeye alitikisa kichwa.

"Ni bao njo batasema. Nikibaandikia mimi, professeur atakuwa na haki: nitakuwa nimejitungia batu."

Basi Jumatatu alimuomba mwenzake amushikie darasa, mimi nikaacha mulango wa mutu ukiwa nusu, tukashuka Beni. Dada yake mukubwa anakaa mutaa wa Bungulu sasa, katika nyumba ya vyumba viwili yenye uwanja mudogo, na pale anauza mikate ya kukaanga. Wengi wa wale akina mama wa Mbau wamefika upande ule ule, mumoja mumoja, kila mutu na namna yake. Tulikuwa tumemwambia kwa telefone awaite wanaoweza kuja. Tulipoingia uwanjani walikuwa wameshaketi, wengine na mizigo yao ya kuuza, na dada akanipokea kwa kelele zake za kila siku.

"Karibu, shemeji, bwana ya mémoire. Munakuja kutuandika tena? Ile ya kwanza tulikosa nini?"

Bibi yangu aliwaeleza. Aliwaonyesha ule ukurasa, na kwa wasiosoma alisoma yeye, jina na herufi, jina na herufi. Akawaambia kwamba kwa watu wa université, hivi walivyoandikwa, wote ni mutu mumoja.

Halafu yule mama wa sauti nzito, wa ndizi, akasema:

"Kama tuko mutu mumoja, ule mumoja aende kuchota maji. Siye bengine tutakaa."

Uwanja wote ukaanguka kwa kicheko. Kisha hapo kazi ikawa nyepesi. Bibi yangu aliuliza kila mumoja vile directeur alivyouliza: mutu akikutafuta, aseme anatafuta nani?

Mama wa ndizi alikuwa wa kwanza. "Andika: ule wa ndizi, kwa kona ya barrière, Mbau."

"Lakini mama, sasa uko Bungulu."

"Kona iko palepale. Ni mimi njo nilitoka. Nitarudi."

Bibi yangu aliniangalia, halafu akaandika vile alivyoambiwa. Chini yake aliongeza kwamba maneno haya yalichukuliwa Bungulu. Nafikiri alifanya vizuri. Hivyo hakudanganya mutu yeyote, wala yule mama, wala jury.

Mwingine akasema aandikwe mama mapasa wa makala, kwa kuwa alizaa mapacha na hakuna mwingine wa makala mwenye mapacha. Mwingine alitaka aandikwe wa chumvi, yule anayepima vizuri. Hapo jirani yake akadakia.

"Nani alisema unapima bizuri?"

"Muulize mutu yeyote."

"Mimi niko mutu yeyote. Kikombe yako iko na tumbo ndani."

Walishindana kidogo, na ilionekana si mara ya kwanza. Bibi yangu aliwaeleza kwa heshima kwamba kupima vizuri ni sifa, na sifa haiwezi kuingia katika liste, kwa kuwa jury haiwezi kuipima. Ataandika tu wa chumvi, karibu na kanisa. Mama wa chumvi alifikiri.

"Basi andika nusu," akasema. "Ile nusu ingine Mungu anaijua."

Kulikuwa na mumoja, kijana bado, aliyebaki karibu na mulango na mutoto mugongoni. Zamu yake ilipofika alisema hataki jina wala mahali. Aandikwe namba tu. Hakuna aliyemuuliza sababu. Kwetu siku hizi mutu akisema hivyo unamuachia. Bibi yangu alimuandika kwa namba na neno moja: muuzaji. Yule mama kijana akalisoma mwenyewe, akakubali, akasema "wasingya", asante ya kwetu, akaenda.

Waliobaki mbali bibi yangu aliwapata kwa telefone, dada akipaza sauti kwa ajili ya wale wenye réseau mbaya. Mumoja hakujibu, na mama wa ndizi akasema tusipige tena. Alikuwa amekufa tangu wakati wa mvua, kwa ugonjwa. Bibi yangu alikaa na kalamu mukononi. Hakujua afanye nini na ule mustari. Kumutoa ingekuwa kusema hakuwahi kumujibu, na alimujibu, saa nzima, maneno yake yako mahali pengi katika kitabu.

Dada yake ndiye alikumbuka ule mwavuli, akasema: "Kila mutu alimujuaka na parapluie ya manjano. Hata kwa jua. Andika ile."

Basi akaandikwa: marehemu, wa nyanya, wa parapluie ya manjano.

Tulirudi Butembo siku ileile. Jumanne nilifikiri kazi imebaki ndogo, kuingiza alama tu. Nilikosea. Kila alama ilirefusha maneno ya chini ya ukurasa, maneno ya chini yakasukuma ya juu, na kurasa zote zikaanza kusogea, kama mbao ukibadilisha moja katikati ya sakafu. Ile table des matières ya mwisho, inayosema sura gani iko ukurasa gani, bibi yangu alikuwa ameitengeneza kwa mukono, na vinukta vyake vyote. Hakuna namba iliyobaki mahali pake.

Tukafanya hivi. Mimi niliketi na kurasa, yeye na ordinateur. Mimi nilisoma kwa sauti namba ya ukurasa, jina na alama iliyo chini. Yeye alitafuta kama ule mutu yuko katika liste ya nyuma, na kama namba katika table imesahihishwa. Alasiri yote. Kifaransa changu kilikuwa kinamuchekesha, lakini alikuwa anacheka akiandika, hakusimama. Saa kumi na moja hivi tukafika mwisho, na mama mapasa akakosekana. Katika liste alikuwapo. Katika kitabu hakutokea hata mara moja. Bibi yangu aliweka mikono juu ya kichwa. Alisema labda alifuta maneno yake bila kujua, labda sura nzima imeharibika, labda Jumatano haitawezekana.

Nikarudia kurasa zangu. Mbili zilikuwa zimeshikana na gundi ya mbao, gundi yangu, ya vidole vyangu. Mama mapasa alikuwa katikati, ametulia. Niliziachanisha na kisu cha mezani na nikamuonyesha. Bibi yangu aliangalia kurasa, akaangalia vidole vyangu, akaniambia niende nikanawe halafu nirudi, tumalize.

Jumatano aliingia kwa directeur peke yake, mimi nikangoja nje, lakini mulango ulibaki wazi na nilisikia. Alisoma liste yote kwa sauti, polepole, na matamshi yake ya kwao. Wa ndizi, kwa kona ya barrière. Wa chumvi, karibu na kanisa. Alipofika kwa parapluie ya manjano aliurudia mustari mara mbili, nikafikiri sasa tumekwisha, hiyo si alama ya université. Kisha nikamusikia akiuliza kama neno marehemu liwekwe mbele ya jina ao nyuma. Wakakubaliana mbele. Akatia sahihi.

Ijumaa asubuhi tulisimama katika mustari wa watu mbele ya bureau ya faculté. Kila mutu alikuwa ameshika kitabu chake kwa mikono miwili, kama sahani yenye mchuzi. Wakati wa kungoja bibi yangu aliniambia nifungue ukurasa wa mbele, ule wa kushukuru watu. Nilikuwa nimeuona zamani: kulikuwa na jina langu na herufi yangu, katikati ya kaka yake na mwalimu wake wa zamani, ambao wana jina lilelile. Sasa kando ya langu kulikuwa na maneno mapya, kwa Kifaransa, nikayavuka jiwe kwa jiwe: bwana yangu, seremala, aliyenisomea kurasa kwa sauti.

Nilimwambia hiyo si haki kamili, kwani kuna mbili nilizozipita.

"Mbili," akasema. "Zote zingine ulisoma. Songa, ni zamu yetu."

Mwenye bureau alikuwa mama muzima mwenye miwani. Alipima pembeni ya ukurasa mumoja na règle, akafungua katikati, akafungua mwisho. Alisimama kwa ile liste. Nilimuona anasoma, midomo inatikisika kidogo, na mahali fulani, sijui kwa nani, akatabasamu. Kisha akapiga cachet, muhuri wa faculté, kwa kila nakala, akasema siku ya kutetea mémoire mbele ya jury itabandikwa kwa ukuta, na akaita mutu wa nyuma yetu.

Nje, chini ya veranda, bibi yangu alipiga telefone Bungulu. Aliweka sauti ili na mimi nisikie. Dada alijibu katika kelele za mafuta na mikate, na nyuma yake kulikuwa na sauti zingine. Nikatambua ile nzito.

"Balipokea?"

"Balipokea, yaya," akamujibu dada yake mukubwa.

Dada aliwageukia wengine, tukasikia anawaambia. Halafu mama wa ndizi akamunyanganya telefone.

"Mutoto wangu, sasa kwa ile kitabu tuko bangapi?"

Bibi yangu alikuwa anafuta macho na kona ya kikwembe.

"Muko bote, mama," akasema. "Muko bote."